Umekabidhiwa wodi bila kufundishwa kuongoza? Tuzungumze kuhusu uzamili wa uuguzi katika uongozi wa mifumo ya afya

#1 ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimewakusudia wauguzi wenye shahada ya kwanza wanaofikiria kurudi darasani, na hasa wale ambao tayari wamekabidhiwa funguo za wodi na wanaona maji yamewafika shingoni.

Nianze na yaliyonikuta. Nilifanya kazi wodi ya upasuaji miaka tisa. Kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, iliyowashinda wengine niliitwa mimi. Mgonjwa anayeanza kubadilika nilimjua kwa sura yake kabla vipimo havijasema kitu. Siku moja msimamizi wetu akahamishwa, nikaitwa ofisini nikaambiwa, "Wewe ndiye mzoefu kuliko wote, kuanzia Jumatatu wodi ni yako." Basi. Nilipokea daftari la zamu, funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, na pongezi.

Mwezi wa nne wagonjwa watatu wakapata vidonda vya mgandamizo, vile vya kulala bila kugeuzwa, ndani ya wiki mbili. Nikaitisha kikao nikafoka. Wauguzi wawili nikawaandikia barua za onyo, kwa sababu majina yao ndiyo yaliyokuwa kwenye zamu. Wiki iliyofuata vikatokea viwili vingine, kwa wauguzi tofauti.

Miaka miwili baadaye, nikiwa nasoma uzamili, tulipewa zoezi: chukua tukio moja la kazini kwako, lichore hatua kwa hatua, uandike nani alikuwa wapi na saa ngapi. Nikachukua vile vidonda. Nilipomaliza kuchora nikaona kwamba vyote vitano vilianza kati ya Ijumaa usiku na Jumatatu asubuhi. Siku hizo tulikuwa na wauguzi wawili kwa wagonjwa 28. Wahudumu wanaosaidia kugeuza wagonjwa hawakupangwa kabisa usiku wa wikiendi, kwa kuwa ratiba yao ilitoka idara nyingine, na idara hiyo haikujua ratiba yangu ikoje. Mimi pia sikuwahi kuiona ya kwao.

Niliwatafuta wale wawili niwaombe radhi. Mmoja alinisikiliza. Mwingine alikuwa ameshaacha kazi ya uuguzi.

Ndiyo maana nasema bila kumung'unya maneno: kumuuguza mgonjwa kitandani ni fani, na kuongoza mfumo unaomuuguza ni fani nyingine. Ya pili haiji yenyewe kwa kukaa sana kwenye ya kwanza. Ina hesabu zake na mbinu zake, na inafundishika. Anayesukumwa humo bila kufundishwa huwaumiza watu ambao hawana kosa.

Karibuni. Waliosoma watueleze walichopata, wanaotaka kusoma waulize, na wanaopinga waseme wazi.

#2 Kanula Bluu

Mkuu, kisa chako kimenigusa, ila naomba nitofautiane nawe. Nina miaka kumi na minne wodini. Nimeona wengi wakienda kusoma uzamili, na wakirudi hawagusi mgonjwa tena. Wanarudi na fomu. Kila tatizo linazaa fomu mpya, na anayejaza ni mimi niliyebaki kitandani. Msimamizi bora niliyewahi kuwa naye hakuwa na shahada yoyote ya juu, lakini wodi ikizidiwa alikuwa anavaa glavu anaingia. Kama elimu hii inatengeneza watu wa ofisini, mimi siioni faida yake kwa mgonjwa.

#3 Nesi Mwanagenzi

Nimekaa hapa nasoma. Nina miaka mitatu tu kazini lakini swali hili linanihusu.

#4 Bibi Matroni

Wanangu, hamjambo. Mimi nimestaafu, lakini jambo hili siwezi kulipita.

Kanula Bluu, mwanangu, unachokiona ni kweli na kinauma. Lakini usidhani kwamba muuguzi kushika takwimu na mipango ni kuikimbia kazi. Ndipo uuguzi wa kisasa ulipoanzia. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alipofika hospitali ya jeshi ya Scutari, Uturuki, mwaka 1854 wakati wa vita vya Crimea, alikuta askari wanakufa kwa maradhi ya uchafu na msongamano kuliko kwa majeraha. Watu wanaikumbuka taa yake. Kilichobadilisha jeshi zaidi ni hesabu alizozichora baada ya vita na kuzipeleka mezani kwa wakubwa: nani alikufa, mwezi gani, kwa sababu gani. Shule yake ya uuguzi pale hospitali ya St Thomas' mjini London ilikuja baadaye, mwaka 1860.

Na masomo ya juu ya uongozi kwa wauguzi si mtindo wa juzi. Mwaka 1899 pale Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilianzishwa kozi ya uchumi wa hospitali kwa ajili ya wauguzi waliokwisha kuhitimu. Angalia jina hilo: uchumi wa hospitali! Wale kina mama walijua kwamba asiyejua fedha za hospitali hatasikilizwa hospitalini. Mary Adelaide Nutting, mmoja wa waliohusika, akawa profesa wa kwanza wa uuguzi duniani mwaka 1907, pale pale.

Sasa niwaambie upande wa pili, maana nafasi ya muuguzi mezani haikupewa mtu kama urithi. Uingereza, ripoti ya Salmon ya mwaka 1966 ilijenga ngazi za uongozi wa uuguzi hadi juu hospitalini. Ikaja ripoti ya Griffiths mwaka 1983, ikaleta mameneja wa jumla, na wauguzi wengi waliokuwa wakubwa wakajikuta washauri wasio na bajeti wala amri. Kiti kilikuwepo, kikaondolewa kwa ripoti moja. Muuguzi anayeingia kikao cha bajeti bila kuisoma bajeti anawarahisishia kazi wanaotaka kumtoa.

#5 ZamuYaUsiku

Shikamoo mama, na asante. Hilo la 1899 nililikuta darasani na nilikaa nalo siku nzima.

Niongeze hapo hapo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu hali ya uuguzi ilihesabu wauguzi milioni 27.9, karibu asilimia 59 ya wataalamu wote wa afya. Lakini kati ya nchi 115 zilizojibu, ni 82 tu zilizokuwa na muuguzi kiongozi katika ngazi ya taifa. Zaidi ya nusu ya wataalamu wa afya, na katika nchi nyingine hakuna hata mmoja wao kwenye meza kuu.

#6 Ikama na Hesabu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, nikasoma uzamili wa uongozi wa mifumo, na sasa hivi kazi yangu ya kila siku ni ikama, yaani hesabu ya watumishi wanaohitajika. Naomba niwaonyeshe jambo moja tu kati ya niliyofundishwa, ili Kanula Bluu aone linavyofika kitandani kwake.

Chukua wodi ya vitanda 24. Kwa wastani wa mwaka, wanaolala ni wagonjwa 20. Kwa uzito wa hali zao mmekubaliana kila mmoja anahitaji saa 6 za uuguzi kwa siku. Ishirini mara sita ni saa 120 kwa siku, na kwa siku 365 ni saa 43,800 kwa mwaka.

Muuguzi wa saa 40 kwa wiki, wiki 52, huandikwa kuwa na saa 2,080 kwa mwaka. Mtu wa fedha atagawanya 43,800 kwa 2,080 na kupata 21. Mtaajiri 21, na kwenye karatasi wodi imetimia. Lakini hakuna muuguzi anayekaa na wagonjwa saa 2,080. Ondoa likizo, sikukuu, siku za kuugua, ruhusa za msiba, siku za mafunzo. Tuseme zimebaki saa 1,800. Gawanya upya: 24 na ushei.

Wauguzi watatu wamepotea kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Hawakufukuzwa wala hawakuacha kazi, hawakuwahi kuandikwa. Na hao watatu, mleta uzi, ndio pengo la wikiendi yako. Zamu za mchana wa katikati ya wiki hujazwa kwanza kwa sababu ndiko wakubwa wanakopita, na upungufu wote husukumwa usiku na mwisho wa wiki.

Kuna la pili ambalo watu wa fedha hawalioni kama hujawaonyesha. Hospitali nyingi huhesabu wagonjwa mara moja, usiku wa manane. Mgonjwa aliyepokelewa asubuhi na kuruhusiwa jioni haonekani kwenye hesabu hiyo. Lakini nyie mnajua kumpokea mgonjwa ni kazi gani: historia, vipimo, kanula, dawa za kwanza, ndugu wenye maswali. Kumruhusu nako ni vivyo hivyo. Wodi inaweza kuonyesha watu 20 usiku na 20 usiku unaofuata, na katikati wameingia wanane na wametoka wanane. Saa 6 zako zimeshaliwa.

Mara ya kwanza nilipopeleka jedwali hili kwenye kikao cha bajeti nilikuwa natetemeka. Mkurugenzi wa fedha alilisoma mara mbili, akauliza zile 1,800 nimezitoa wapi. Nikamfungulia kumbukumbu za mahudhurio za miaka miwili. Hatukupewa watatu, tulipewa wawili. Lakini kabla ya hapo kwa miaka mingi tulikuwa tunakwenda na neno "tumechoka", na tulikuwa tunarudi mikono mitupu.

#7 Kanula Bluu

Mkuu wa Ikama, hii sikuwahi kuonyeshwa na mtu. Miaka kumi na minne. Naisoma tena.

#8 Wodi ya Pembeni

Nami niongezee kwenye alichosema Ikama, maana kuna ushahidi mzito nyuma ya hesabu hizo. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kwa wagonjwa wa upasuaji, kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi uliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2014 wakaja na utafiti wa nchi tisa za Ulaya, na ule uliangalia pia elimu: kila asilimia 10 ya ziada ya wauguzi wenye shahada ya kwanza iliendana na upungufu wa asilimia 7 wa uwezekano huo. California tayari walikuwa wameshaweka kwa sheria kikomo cha wagonjwa kwa muuguzi mmoja. Ilipitishwa 1999, ikaanza kutumika 2004.

Lakini somo lililonibadilisha mimi halikuwa la ikama. Lilikuwa la makosa ya dawa.

Mtafiti Amy Edmondson alichapisha mwaka 1996 utafiti kuhusu makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Alipochunguza akagundua kwamba katika wodi hizo watu walikuwa wanasema. Kwingine makosa yalikuwepo, ila yalifichwa kwa hofu ya msimamizi.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Wodi yangu ilikuwa na miezi saba bila kosa hata moja la dawa lililoandikwa, na nilikuwa najivunia. Nilirudi kazini nikamuuliza kijana mmoja wa zamu ya usiku, taratibu, tukiwa wawili tu kwenye chumba cha dawa. Akatazama mlango kwanza. Kisha akanitajia matatu, ya mwezi huo peke yake.

#9 Nesi Mwanagenzi

Dada, hapo pa kutazama mlango mwili umenisisimka. Hata mimi nimeshawahi kutazama mlango hivyo.

Sasa naomba kuuliza. Nikitaka kwenda njia hii, nisome nini? Naona uzamili wa uuguzi wa uongozi, naona uzamili wa usimamizi wa huduma za afya, naona wengine wanakwenda kusoma biashara, na wengine wanasema ruka moja kwa moja hadi DNP. Nimechanganyikiwa.

#10 ZamuYaUsiku

Mdogo wangu, umeuliza vizuri. Nitakujibu kwa ninavyoona, wengine wanisahihishe.

Uzamili wa uuguzi katika uongozi unakuweka kwenye makutano. Utasoma fedha na ikama, ubora na usalama wa mgonjwa, takwimu, sera, mifumo ya kumbukumbu za kielektroniki na jinsi ya kusimamia mabadiliko, lakini yote yanarudishwa kwa mgonjwa. Uzamili wa biashara utakupa fedha kwa kina zaidi, mikataba na mikakati, ila hakuna atakayekufundisha kusoma mwenendo wa maambukizi wodini. Usimamizi wa huduma za afya uko katikati, na darasani utakaa na watu wasio wauguzi, jambo ambalo lina faida yake. Vyuo vingine vinaunganisha shahada mbili. Ushauri wangu: kama moyo wako uko kwenye kuongoza uuguzi, anza na wa uuguzi, kisha jazia fedha pale utakapopungukiwa. Kumbuka pia kwamba hospitali inayotaka kutambuliwa kwa hadhi ya Magnet, ile ya Marekani inayotolewa kwa hospitali zenye uuguzi bora, lazima mkuu wake wa uuguzi awe na angalau shahada ya uzamili.

Kuna njia moja watu huichanganya na umeneja. Marekani, tangu mwaka 2003, chama cha vyuo vya uuguzi, AACN, kilipendekeza nafasi ya muuguzi kiongozi wa kitabibu mwenye uzamili. Huyu si meneja wala hapangi likizo za watu. Anabaki wodini akifuatilia matokeo ya kundi la wagonjwa: nani yuko hatarini kuanguka, mpira wa mkojo upi umekaa kupita siku zake, nani anaruhusiwa kesho na hajaelezwa dawa zake. Kanula Bluu, nadhani huyo ndiye unayemlilia.

DNP ni udaktari wa utendaji wa uuguzi. Chama hicho hicho kilitoa msimamo wake juu ya shahada hiyo mwaka 2004, na mwongozo wa 2006 ukataka saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo baada ya shahada ya kwanza. Mwisho wake ni mradi wa kubadilisha jambo katika mfumo halisi. Ile shahada nyingine ya udaktari, ya falsafa (PhD), ni ya kutafiti na kuzalisha maarifa mapya. Kama unataka kuongoza hospitali au mtandao wa hospitali, DNP ya uongozi inakufaa. Kuirukia ukiwa na miaka mitatu kazini, mimi ningekuambia subiri kidogo. Mradi unahitaji mahali unapopajua na watu wanaokuamini.

#11 Cheti Ukutani

Samahanini, nami niseme, ingawa yangu hayafurahishi. Nina uzamili huu. Nilisoma kwa masafa, usiku baada ya zamu, kwa fedha zangu mwenyewe. Chuo hakikutuwekea mafunzo kwa vitendo ya maana: tuliandika insha kuhusu nadharia za uongozi, tukajibizana kwenye mtandao, tukahitimu. Nimerudi kazini, nafasi ni ile ile, msimamizi wangu ananiona tishio. Sijui hata nianzie wapi. Mnaposifia elimu hii mkumbuke na sisi.

#12 Bibi Matroni

Mwanangu, pole sana. Umenikumbusha wengi niliowalea. Kosa hapo si lako, na wala si la elimu yenyewe. Ni la chuo kilichouza karatasi bila kazi.

Wengine wanaotaka kujiunga, someni aliyoandika huyu kabla ya kulipa ada, na mkiulizia chuo msiulize jina lake kwanza. Ulizeni: nitakaa na kiongozi gani wa kweli, kwa saa ngapi, na nitaruhusiwa kuingia kikao cha bajeti? Mradi wangu nitaufanyia wapi, na nani hospitalini atauhitaji? Mimi ningekaa miezi mitatu nyuma ya mkurugenzi mmoja mzuri wa uuguzi, nikibeba faili lake, kuliko miaka miwili ya insha.

#13 Ikama na Hesabu

Cheti Ukutani, nafasi isikusubirishe. Tafuta jambo dogo moja ambalo tayari linamuumiza msimamizi wako, lipime, mpelekee yeye matokeo kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Jina lake likae juu ya karatasi pamoja na lako. Nimeona tishio likigeuka msaada kwa njia hiyo.

Na jambo dogo si dogo. Mradi wa vyumba vya wagonjwa mahututi kule Michigan, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuwa wa hatua tano tu wakati wa kuweka katheta, yaani mrija, kwenye mishipa mikubwa ya damu: kunawa mikono, kuvaa kinga kamili na kumfunika mgonjwa ipasavyo, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena, kuondoa katheta isiyohitajika. Lililokuwa gumu ni kumpa muuguzi mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Maambukizi ya damu yalipungua kwa hadi asilimia 66, na hali hiyo ikadumu miezi 18. Hatua zote tano zilijulikana kabla. Kilichohitajika ni uongozi ulio tayari kusimama nyuma ya yule muuguzi siku daktari anapokasirika.

#14 Cheti Ukutani

Asante, dada. Nitajaribu na mipira ya mkojo. Hiyo inamsumbua kweli.

#15 Kanula Bluu

Wakuu, nilikaa kimya siku nne nikifanya jambo. Nilichukua daftari la matukio la wodi yetu, la miezi mitatu, nikaandika kila mgonjwa aliyeanguka na saa yake, kama mleta uzi alivyochora vidonda vyake. Walioanguka ni 11. Wanane kati yao walianguka kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi. Ni wakati wagonjwa wanaamka kwenda msalani, na ni wakati huo huo sisi sote tuko mezani tunaandika ripoti ya kukabidhi zamu.

Miaka yote nilijua kwamba wagonjwa huanguka usiku. Sikujua ni saa hizo. Nianzie wapi?

#16 ZamuYaUsiku

Kaka, anzia kwa wenzako wa zamu hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Waonyeshe hizo saa, usitaje jina la muuguzi hata mmoja. Waulize ripoti inaweza kuandikwa saa ngapi nyingine, na nani abaki anatembea wodini wakati wengine wameketi. Wao ndio wanaojua. Kisha mjaribu wiki mbili, uendelee kuandika saa vile vile, na urudi hapa utuambie.